Jina Halikupatikana



Likizo ndefu ya mwaka jana nilifanya kosa parokiani kwetu. Lilianzia kwenye kompyuta, lakini halikuishia huko. Nilipomweleza padre mlezi wangu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Liandike. Wako mafrateri wenzako wenye ujuzi kama wako, na wao wanalihitaji." Basi ninatii. Itabidi nieleze mambo ya ufundi kidogo, maana bila hayo kosa lenyewe halitaeleweka. Nitajitahidi kuyaeleza ili hata msomaji asiyewahi kugusa kompyuta anifuate.

Daftari na mashine

Kabla ya kuingia kwenye malezi nilisoma stashahada ya teknolojia ya habari. Kwa hiyo kila likizo Baba Paroko hunikabidhi kila kitu chenye waya: spika za kanisani, mashine ya kuchapia matangazo, na programu ya madaftari ya ubatizo.

Programu hiyo walianza kuitengeneza mafrateri wawili waliotutangulia, ambao leo ni mapadre. Kazi yake ni ndogo. Katekista anaandika jina la Mkristo, jina la baba na mwaka anaoukumbuka, na programu inamwambia: daftari la ngapi, ukurasa wa ngapi, namba ngapi. Halafu anakwenda kabatini kulitoa daftari lenyewe. Programu haichukui nafasi ya daftari. Inaonyesha njia tu ya kulifikia.

Na daftari hilo si karatasi za kawaida. Kanuni ya 535 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa inaiagiza kila parokia iwe na madaftari, na kwamba katika daftari la ubatizo yaandikwe pia mambo yanayomfuata Mkristo: kipaimara chake, ndoa yake, daraja takatifu, nadhiri za daima. Maisha yetu ya Kanisa yamewekwa kwenye mstari mmoja wa wino. Ndiyo maana wachumba hawafungi ndoa kanisani kabla mstari huo haujaangaliwa.

Anayeuangalia parokiani kwetu ni Mwalimu. Ndivyo sote tunavyomwita, ingawa ni katekista. Amenifundisha mimi Komunyo ya Kwanza, na kabla yangu aliwafundisha wajomba zangu. Umri wake umevuka miaka sitini, na kompyuta alianza kuitumia ukubwani, kwa utii, kwa vidole viwili.

Gunia zima la mahindi

Sasa nieleze nilichokwenda kufanya. Programu inayofunguliwa kwenye kivinjari haiandikwi kama unavyoiona. Sisi tunaandika mafaili mengi madogo, kisha kuna chombo kinachoyakusanya, kuyakagua, kuyabana na kutoa kitu kimoja chepesi ambacho simu au kompyuta inaweza kukisoma. Ni kama mahindi na mashine ya kusaga. Anayekula ugali haoni mashine, lakini mashine ikiwa mbovu ugali utakuwa na mchanga.

Mashine yetu ilikuwa ya zamani. Iliitwa Create React App, ilianza mwaka 2016, na Februari 2025 watengenezaji wa React wenyewe walitangaza kwamba haipaswi kutumika tena kwa kazi mpya. Kwenye kompyuta yangu mpakato, ambayo nayo ni mzee, kila nilipoanza kazi ilisaga gunia zima kwanza. Nilikuwa naweza kusali kumi moja la rozari nikisubiri, na nakiri sikulisali kwa uchaji. Nilikuwa nalisali kwa hasira.

Nikaamua kuhamia Vite, chombo kilichoanzishwa mwaka 2020 na Evan You. Jina lake ni neno la Kifaransa lenye maana ya haraka, na kweli ni haraka. Wakati wa kutengeneza hakisagi gunia zima. Kinasaga kibaba unachokihitaji kwa wakati huo, na gunia zima kinalisaga mwishoni tu, kazi inapokuwa tayari kupelekwa. Niliifanya kazi hiyo kwa siku nne, na Ijumaa baada ya Masifu ya Jioni nikaipeleka kwenye seva. Nilifungua ukurasa kwenye kompyuta yangu, nikatafuta jina langu mwenyewe, nikalipata. Nikalala kwa furaha ya fundi.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Programu inahitaji kujua anwani ya seva inakohifadhiwa orodha ya majina. Anwani hiyo hukaa kwenye faili la mipangilio, ikiwa na jina. Chombo cha zamani kilitaka jina hilo lianze na REACT_APP_, na Vite inataka lianze na VITE_. Jina lisiloanza hivyo inaliacha nje kimyakimya, bila kulalamika. Kwenye kompyuta yangu nilibadilisha. Kwenye mipangilio ya parokia nilisahau. Na wale waliotutangulia, kwa kurahisisha kazi yao, waliandika kwamba anwani ikikosekana programu iitafute seva kwenye kompyuta ileile inayotumika. Kwangu seva ya majaribio ilikuwepo, kwa hiyo jina langu lilipatikana. Ofisini kwa Mwalimu haikuwepo.

Jumamosi

Jumamosi asubuhi mimi nilikuwa kigangoni na watoto wa Utoto Mtakatifu. Ofisini alifika binti mmoja na mchumba wake, pamoja na shangazi upande wa mwanamume. Walitaka cheti cha ubatizo cha binti ili matangazo ya ndoa yaanze. Mwalimu akaandika jina. Kioo kikamjibu: "Jina halikupatikana. Hakikisha umeandika sawasawa."

Akaandika tena. Akabadilisha herufi. Akajaribu jina la baba peke yake. Kila mara jibu lilikuwa lilelile. Akanipigia simu.

"Frateri, Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele Amina. Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mashine inalikataa jina la huyu binti. Sijui nakosea wapi."

Watoto walikuwa wanapiga kelele, na mimi nilikuwa na uhakika na kazi yangu. Nikamjibu, "Labda daftarini limeandikwa tofauti, Mwalimu. Jaribu polepole." Sikuuliza kama majina mengine yanapatikana. Swali hilo moja lingetosha.

Mambo yaliyofuata nilikuja kuyasikia baadaye. Mwalimu alimwambia binti kwamba pengine hakubatizwa parokiani kwetu, atafute wasimamizi wake au shahidi mwingine, kama kanuni ya 876 inavyoruhusu. Lakini mama yake binti alishafariki, na ndiye pekee aliyekuwa anajua habari za ubatizo wake. Shangazi wa mchumba akauliza mbele ya watu, "Sasa huyu tumemchukua akiwa Mkristo au siye?" Binti alitoka ofisini akilia.

Usiku niliporudi parokiani nilijaribu programu kwenye simu yangu. Hakuna jina lililopatikana, hata langu. Nikaelewa mara moja. Nikafungua kompyuta, nikaandika ile anwani kwa jina lake jipya, nikaisaga programu upya, na kabla ya saa sita usiku kila kitu kilikuwa sawa. Jumapili baada ya Misa ya kwanza nikamwambia Mwalimu, "Hebu jaribu tena lile jina." Akajaribu. Likatoka: daftari, ukurasa, namba. Akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe jana niliandika vibaya. Macho yangu yamezeeka, Frateri."

Na mimi nikanyamaza.

Ndugu zangu, kosa la anwani lilikuwa la uzembe. Kunyamaza kule kulikuwa dhambi. Nilimwacha mzee aliyenifundisha Baba Yetu aamini kwamba macho yake ndiyo yaliyomliza binti wa watu, kwa sababu sikutaka kupungukiwa na sifa ya kuwa frateri anayejua kompyuta.

Sijui si sawa na hapana

Wiki ile sikupata usingizi mzuri, na usiku mmoja nikakumbuka somo la mantiki la mwaka wa kwanza. Mwalimu wetu alitufundisha kosa la kufikiri liitwalo kwa Kilatini argumentum ad ignorantiam: kudai kwamba kitu hakipo kwa sababu tu hakijathibitishwa kuwa kipo. Katika mtihani nililieleza vizuri na kutoa mifano mitatu. Lakini programu niliyokuwa naihudumia ilikuwa inafanya kosa hilohilo kila siku, na sikuliona.

Nikaenda kuangalia. Kulikuwa na mistari miwili tu inayosema: ukishindwa kufika kwenye seva kwa sababu yoyote, rudisha orodha tupu. Na mahali pengine: orodha ikiwa tupu, mwambie mtumiaji jina halikupatikana. Kwa hiyo umeme ukikatika, bando likiisha, anwani ikikosekana, programu haikuwa inasema "nimeshindwa." Ilikuwa inasema "huyu hayupo." Na ilimalizia kwa kumshauri mtumiaji aandike sawasawa, yaani ilimsukumia lawama aliye dhaifu kuliko wote katika mnyororo ule.

Mtakatifu Thomasi anatofautisha sanaa ya fundi na fadhila ya busara. Wema wa sanaa uko kwenye kitu kinachotengenezwa: meza ikisimama vizuri, fundi ni hodari, hata kama moyoni ni mtu mbaya. Busara inamgusa mtu mwenyewe na namna anavyotenda. Nilikuwa nimejisomea hayo kama mada ya mtihani. Sasa nikaona kwamba kwa siku nne nilishughulika na sanaa, nikaipata mashine ya haraka, na busara sikuigusa. Mistari ile miwili ilinisikitisha zaidi nilipogundua kwamba inafanana na mimi. Nayo, kama mimi, iliposhindwa haikusema imeshindwa.

Nilikwenda kwanza kwa Baba Paroko. Hakunifokea. Aliniuliza swali moja: "Mwalimu anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi hujamaliza."

Nilimkuta Mwalimu chini ya mwembe, anapanga kadi za wanafunzi wa kipaimara. Nikamweleza yote, pamoja na kunyamaza kwangu. Alikaa kimya kwa muda. Hakuniambia kwamba haidhuru, na ninamshukuru kwa hilo. Alisema, "Siku ile nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nataka kuiacha kazi ya ofisi. Nilisema nitawaumiza watu." Kisha akaongeza, "Hiyo mashine yako, iandikie iwe inasema yenyewe ikishindwa. Nisiwe najilaumu kwa makosa ya wengine."

Siku mbili kwenye kiti cha Mwalimu

Nilimwomba ruhusa nikae nyuma yake siku mbili, nimtazame akifanya kazi, bila kumwelekeza. Ningewashauri mafrateri wote wanaotengeneza chochote kwa ajili ya watu wafanye hivyo kabla ya kugusa kitu. Nilijifunza zaidi kuliko katika mihula kadhaa.

Niliona kwamba vitufe vya "Tafuta" na "Futa" viliwekwa pamoja, vya rangi moja. Mwalimu alikuwa anaandika majina matatu kwa shida, halafu anabonyeza "Futa," na yote yanapotea. Alikuwa anaanza upya bila kusema kitu, kama mtu aliyezoea. Nikavitenganisha, na "Futa" ikawa "Anza upya," ndogo, pembeni.

Niliona kwamba anainamia kioo. Maandishi yalikuwa ya kijivu juu ya weupe, kwa sababu fulani ya urembo. Shirika la W3C, linalosimamia kanuni za tovuti, linataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Yetu ilikuwa chini ya hapo. Nikayafanya meusi na makubwa. Mwalimu akasogeza kiti nyuma. Kumbe macho hayakuwa na kosa lote.

Niliona tatizo la majina. Katika madaftari yetu ya zamani kuna Joannes, Josephus na Caecilia kwa Kilatini. Katika ya miaka ya kati kuna Yohane, Yosefu na Sesilia. Katika ya sasa kuna John, Joseph na Cecilia. Mtu ni yuleyule, na programu ilikuwa inawahesabu kuwa watu watatu. Tulikaa na Mwalimu tukaandika orodha ya majina yanayolingana, yeye akitaja na mimi nikiandika. Hakuna chombo duniani ambacho kingenipa orodha ile.

Na niliona tatizo la tarehe. Baadhi ya ubatizo uliofanyika Jumapili ulikuwa umeingia kama wa Jumamosi. Sababu yake ni ya kiufundi lakini inachekesha: programu ilikuwa inaihesabu tarehe kuwa usiku wa manane wa saa zetu, halafu inaihifadhi kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Usiku wa manane ukitoa saa tatu, unarudi jana. Kwa hiyo tulikuwa tunawabatiza watu siku moja kabla. Sasa tarehe inahifadhiwa kama tarehe tu, bila saa.

Juu ya yote nikaugawa ule ujumbe mara mbili. Kama orodha imetafutwa na jina halimo, programu inasema: "Jina hili halimo katika orodha. Tafadhali angalia na daftari lenyewe." Kama imeshindwa kufika kwenye orodha, inasema: "Samahani, mfumo umeshindwa kutafuta. Si kosa lako. Tumia daftari." Maneno "si kosa lako" ni ya Mwalimu. Yeye ndiye aliyeomba yawepo.

Upande wa mashine

Matengenezo hayo yanaonekana. Yale yasiyoonekana yalinichukua muda mrefu zaidi, na hakuna atakayenipongeza kwa ajili yake.

Niliondoa ile njia ya mkato ya kutafuta seva kwenye kompyuta ileile. Sasa mashine inakagua kwanza: kama anwani haimo kwenye mipangilio, inakataa kusaga na kusema kinachokosekana. Afadhali ikatae mbele yangu usiku kuliko kumwaibisha mtu ofisini asubuhi.

Nilihakikisha pia kwamba faili linaloorodhesha matoleo kamili ya vifurushi vyote tunavyovitegemea linatunzwa pamoja na programu, na kwamba usagaji unafuata orodha hiyo bila kujichagulia matoleo mapya. Programu yetu ndogo ya parokia inasimama juu ya mamia ya vifurushi vilivyoandikwa na watu ambao hatutawaona kamwe. Machi 2016 kifurushi kimoja kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, kiliondolewa na mwenyewe kwenye ghala la npm, na miradi maelfu duniani ikashindwa kusagwa. Tunapozungumzia kutegemeana kwa viungo vya mwili mmoja, mimi sasa nakumbuka na mistari ile 11.

Mwisho, toleo jipya linakwenda kwanza mahali pa majaribio, na Mwalimu analijaribu kwenye kompyuta yake kabla halijawa la wote. Na hakuna kupeleka kitu Ijumaa usiku.

Septemba 7, 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa Mtakatifu, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, ambaye alitumia ujuzi wake wa kompyuta kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Seminarini tulifurahi sana, na wengi tulisema kwamba sasa tunaye wa kwetu. Nami namwomba. Lakini siku hizi simwombi anipe ujuzi zaidi. Namwomba nisitumie ujuzi nilio nao kujificha.

Kabla ya kurudi seminarini, Mwalimu na mimi tulikwenda nyumbani kwa yule binti kumwomba radhi. Cheti alishakipata, na matangazo yalikuwa yamesomwa Jumapili mbili. Nilimweleza kwamba mashine ilishindwa kufika kwenye orodha, na kwamba aliyeiharibu ni mimi, si Mwalimu. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo siku zote nilikuwemo kitabuni?"

"Ulikuwemo," Mwalimu akamjibu. "Mama yako alikuleta akiwa amekubeba. Nilikuwepo."

Tulikaribishwa chai. Shangazi wa mchumba hakuwepo, lakini binti alisema habari atampelekea mwenyewe.